Jinsi ya Kuanza Kutazama Filamu za Kale za Hollywood na Kuzimaliza: Mwongozo Kamili

Wasomaji wamekuwa wakiniandikia kisa kile kile kwa maneno tofauti. Mtu amesikia kwamba filamu fulani ya mwaka 1941 ndiyo bora kuliko zote zilizowahi kutengenezwa. Ameitafuta, ameketi kuitazama, na kabla ya nusu saa kupita amesinzia au amerudi kwenye simu yake. Baada ya majaribio mawili ya namna hiyo huhitimisha kwamba filamu hizo ni za wazee au za wasomi, na kwamba yeye hazimhusu.

Kila aliyeniandikia nimemuuliza maswali matatu: alianza na filamu gani, nakala yake aliipata wapi, na picha ilikaaje kwenye skrini. Kosa limekuwa humo kila mara, na kwa wengi limekuwa katika yote matatu kwa pamoja. Umri wa filamu haukuwa na hatia. Mtazamaji alikuwa ameipokea ikiwa imekatwa vichwa, imevutwa upana, sauti yake imefunikwa na besi, kisha akaanzia mahali ambapo alipaswa kufika baadaye sana.

Mwongozo huu unahusu filamu za Marekani za tangu miaka ya 1920 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ninaomba hatua zifuatwe kwa mfuatano wake, kwa kuwa filamu za mwisho zinahitaji jicho na sikio ambalo utakuwa umelipata kwenye zile za kwanza.

## Vitu vya kuandaa

- Runinga au kompyuta mpakato. Simu inaweza kutumika, lakini soma kwanza onyo lililo katika hatua ya pili.
- Rimoti ya runinga yenyewe, si ya king'amuzi pekee, kwa kuwa marekebisho mengi ya picha hufanyika kwenye runinga.
- Hedifoni, au spika ambazo besi yake inaweza kupunguzwa.
- Programu ya kuchezea video kama VLC, ambayo haina malipo.
- Maandishi ya chini ya Kiingereza. Ya Kiswahili ni nadra sana kwa filamu za umri huu.
- Bando la kutosha, au flashi yenye nafasi. Filamu ya saa mbili kwa ubora wa 480p hula takriban gigabaiti moja, na ubora wa juu zaidi hula mara kadhaa ya hapo.
- Daftari na kalamu.

## Hatua ya 1: Pata nakala iliyo kamili

Kabla ya kuitafuta filamu, andika kwenye daftari urefu wake rasmi kwa dakika. Casablanca ya 1942 ina dakika 102, High Noon ya 1952 ina 85, Rear Window ya 1954 ina 112, na Citizen Kane ya 1941 ina 119. Ukipata nakala ya Casablanca yenye dakika 80, ujue kuna mtu amekata matukio mazima mazima, na hakuna umakini utakaokusaidia kuelewa kisa ambacho viungo vyake vimeondolewa.

Kuna tofauti moja isiyo na madhara. Diski zilizotengenezwa kwa mfumo wa PAL, ambao ndio uliotumika kwenye runinga za Afrika Mashariki, huchezesha fremu 25 kwa sekunde badala ya 24, hivyo filamu huwa fupi kwa asilimia 4. Kwa hiyo Casablanca ya dakika 98 kwenye diski ya aina hiyo haijakatwa. Inakimbia kidogo tu.

Jambo la pili ni rangi. Katika miaka ya 1980 kampuni za Marekani zilianza kutia rangi kwa kompyuta filamu zilizopigwa kwa nyeusi na nyeupe, na Casablanca yenyewe ilifanyiwa hivyo mwaka 1988. Ikatae nakala ya namna hiyo hata kama inaonekana kuvutia zaidi. Mpiga picha wa wakati ule alipanga taa zake kwa kuhesabu vivuli: sehemu ya uso iliyo gizani ilikuwa gizani kwa makusudi. Rangi iliyopakwa baadaye hulijaza giza hilo kwa kahawia na waridi, na jicho lako halijui tena litazame wapi.

Kuhusu mahali pa kuipata, njia halali ni kuikodi au kuinunua mtandaoni pale inapopatikana katika nchi yako, kununua diski, au kutumia filamu ambazo hakimiliki yake imekwisha. Filamu zote za Marekani zilizotoka kabla ya 1930 sasa ni mali ya umma nchini humo, na nyingi zimewekwa kwenye hifadhi ya Internet Archive. Zipo pia za baadaye zilizopoteza hakimiliki kwa sababu za kisheria: Charade ya 1963 ilikuwa mali ya umma tangu ilipotoka, kwa kuwa tangazo lake la hakimiliki halikuandikwa kama sheria ya wakati huo ilivyotaka.

Onyo: filamu isiyo na mwenyewe hunakiliwa na kila mtu, na nakala ya nakala huoza. Simamisha picha kwenye uso wa mwigizaji ulio karibu. Ukiona macho yake, weupe na kiini vikiwa vimetengana, nakala inafaa. Macho yakiwa mashimo mawili meusi, tafuta nyingine.

## Hatua ya 2: Rekebisha umbo la picha

Hatua hii ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, nami nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu nimeona watu wakiichukia filamu ambayo kwa kweli hawajaiona.

Kabla ya 1953, karibu filamu zote za Hollywood zilikuwa na picha inayokaribia mraba: upana wake ni mara 1.33 hadi 1.37 ya kimo chake. Runinga za leo ni pana zaidi, zikiwa na uwiano wa 16 kwa 9. Kwa hiyo filamu ya 1942 ikichezwa ipasavyo huacha mistari mipana myeusi kushoto na kulia. Mistari hiyo si hitilafu. Ni ushahidi kwamba unaona kila kitu alichokiweka mpiga picha.

Watu wengi huiona mistari hiyo na kukimbilia rimoti ili "kujaza" skrini, na hapo hutokea mojawapo ya mambo mawili. Picha huvutwa kwa upana, waigizaji wote wakanenepa, au hukuzwa mpaka ikakatwa juu na chini. Ukiikuza picha ya 1.37 ijaze runinga ya 16 kwa 9, unapoteza karibu robo ya picha nzima. Kwenye simu ndefu za siku hizi, ukiitanua kwa vidole viwili ijaze kioo chote, unaweza kupoteza karibu asilimia 40. Vichwa vinaondoka, mikono inaondoka, na mara nyingi ni mkono ulioshika barua au bastola.

Fanya hivi. Fungua menyu ya picha ya runinga, tafuta sehemu ya ukubwa au uwiano wa picha, uchague chaguo la asili au lile linaloonyesha picha kama ilivyo. Kwenye VLC ya kompyuta ya Windows, bonyeza herufi A mara kadhaa. Kila mbonyezo hubadilisha uwiano, nawe usimame kwenye ule wa kawaida. Kwenye simu, ilaze simu na usiguse kioo.

Kisha pima kwa kitu cha mviringo. High Noon ina saa za ukutani zinazoonyeshwa tena na tena. Uso wa saa ukiwa duara kamili, picha imekaa sawa, na ukiwa kama yai lililolala, picha imevutwa. Gurudumu, sahani au sarafu katika filamu yoyote itakupa jibu lile lile.

Filamu za baada ya 1953 zina maumbo mengi, kwa kuwa studio zilianza kupanua picha ili kushindana na runinga. Nyingi kati ya hizo zitajaza skrini au kuacha mistari juu na chini. Nazo pia ziache zilivyo.

Marekebisho ya mwisho: runinga nyingi za kisasa hubuni fremu za ziada kati ya zile 24 za kila sekunde, na filamu ya zamani ikaanza kuteleza kama tamthilia iliyopigwa kwa kamera ya video. Kila kampuni ina jina lake kwa jambo hilo. Njia rahisi ni kuchagua hali ya picha iliyoandikwa "Sinema" au "Filamu", kisha kuzima chochote kinacholainisha mwendo.

Umefanikiwa ikiwa duara ni duara, vichwa viko ndani ya picha, na mtu akikatiza haraka mbele ya kamera anaonekana kuwa na ukungu kidogo badala ya kuteleza.

## Hatua ya 3: Punguza besi, washa maandishi

Sauti za filamu hizi zilirekodiwa kwa njia moja tu, na maneno ya waigizaji yako katikati ya kipimo cha sauti, mbali na besi. Sabufa iliyowekwa kwa ajili ya muziki wa leo huyafunika kabisa. Ishushe besi hadi chini, pandisha kidogo sauti nyembamba, au vaa hedifoni. Wanaoishi chini ya bati wanajua kwamba wakati wa mvua hakuna njia nyingine isipokuwa hedifoni.

Usione aibu kuwasha maandishi ya chini hata kama Kiingereza chako ni kizuri. Waigizaji wa miaka ya 1930 na 1940 huzungumza kwa kasi, kwa lafudhi ya jukwaani ambayo haitumiki tena, na kwa misemo ya mitaani ya New York au Chicago ya wakati huo. Faili la maandishi lenye kiambishi cha srt lipe jina lile lile la faili la filamu, uyaweke kwenye folda moja, na VLC italisoma yenyewe. Maandishi yakitangulia au kuchelewa, bonyeza G au H kuyasogeza mpaka yaendane na midomo.

Wengi wetu tulilelewa na filamu zenye msimulizi, iwe ni Lufufu kwa upande wa Tanzania au DJ Afro kwa upande wa Kenya, na masikio yetu yamezoea mtu anayetuambia steringi ni nani na adui anapanga nini. Hapa hakuna msimulizi. Ndiyo maana filamu tatu za kwanza nimezichagua ziwe zile zinazojieleza.

Onyo: usiongeze kasi ya kucheza ili filamu iishe mapema. Utapoteza vicheko na ukimya, na hivyo ndivyo vitu viwili waongozaji wale walivyovipima kwa uangalifu mkubwa kuliko vyote.

## Hatua ya 4: Anza na filamu yenye swali moja

Kosa la kuanza na Citizen Kane linaeleweka. Kura ya wahakiki ya jarida la Uingereza la Sight and Sound iliiweka nafasi ya kwanza katika kila awamu tangu 1962 hadi 2002, na kila orodha iliyonakiliwa kutoka hapo inaanza nayo. Lakini orodha ya filamu bora haikutungwa kuwa orodha ya filamu za kuanzia. Anayejifunza kuogelea hapelekwi kwanza kwenye mkondo wa Pemba.

Filamu ya kwanza iwe 12 Angry Men ya 1957, iliyoongozwa na Sidney Lumet, dakika 96. Wanaume 12 wamefungiwa chumba kimoja siku ya joto kali kuamua kama kijana wa miaka 18 amemuua baba yake kwa kisu. Tofauti na wazee wa baraza tunaowafahamu, ambao humshauri jaji, hawa ndio wanaoamua, na ni lazima wote 12 wakubaliane. Kura ya kwanza ni 11 kwa 1. Swali ni moja tu: yule mmoja, anayeigizwa na Henry Fonda, atafanya nini?

Mtazamaji wa Kiswahili ana faida ya pekee hapa, kwa sababu anajua vizuri kikao kinavyoendeshwa: anayepayuka kwa kuwa hana hoja, mzee anayenyamaza mpaka wakati wake ufike, na yule anayeafiki ili awahi mechi. Wote wamo chumbani.

Baada ya kumaliza, rudia dakika 10 za mwanzo na 10 za mwisho bila sauti. Lumet aliianza filamu kamera ikiwa juu ya usawa wa macho, katikati akaishusha ikawa usawa wa macho, na mwishoni akaiweka chini, hata dari ikaanza kuonekana. Wakati huo huo alibadilisha lenzi hatua kwa hatua ili kuta zionekane kuwasogelea watu. Ulipokuwa ukitazama mara ya kwanza, kifua chako kilibana bila kujua sababu. Sasa unaijua.

Filamu ya pili iwe High Noon, iliyoongozwa na Fred Zinnemann. Mlinzi wa usalama wa mji mdogo anaoa asubuhi, kisha anapata habari kwamba mtu ambaye yeye mwenyewe alimtia gerezani anakuja kwa treni ya saa sita mchana kulipiza kisasi. Muda wa kisa unakaribiana sana na muda wa filamu yenyewe, kwa hiyo saa ya ukutani inakwenda karibu sawa na saa yako. Hesabu ni watu wangapi anaowaomba msaada, na kila mmoja anatoa sababu gani ya kukataa. Bibi harusi ni Grace Kelly. Liandike jina lake, tutarudi kwake.

Filamu ya tatu ni Rear Window ya Alfred Hitchcock. Mpiga picha aliyevunjika mguu, anayeigizwa na James Stewart, anakaa dirishani akiwatazama majirani, na anaanza kushuku kwamba mmoja wao amemuua mkewe. Ua wote ule, na nyumba zake zote, ulijengwa ndani ya studio ya Paramount. Kwa sehemu kubwa ya filamu huoni kitu ambacho yeye hawezi kukiona kutoka nyumbani mwake, na kwa hiyo unakuwa mshiriki wake katika uchunguliaji, ukiwa na hofu ile ile na haya ile ile.

Umefanikiwa ikiwa umemaliza zote tatu bila kushika simu zaidi ya mara moja. Ikiwa mojawapo imekushinda, rudi kwenye hatua ya pili na ya tatu kabla ya kuilaumu filamu. Kwa wengi walioniandikia tatizo lilikuwa huko.

## Hatua ya 5: Jifunze kuona kilichofichwa

Sasa tazama Casablanca, ukiwa unajua jambo moja kuhusu sheria za wakati ule. Kuanzia Julai 1934 studio kubwa zilifuata kwa ukali kanuni za maadili zilizosimamiwa na Joseph Breen, na kanuni hizo zilidumu, zikilegea taratibu, hadi 1968. Mhalifu hakuruhusiwa kufaulu. Uzinzi haukuruhusiwa kupendezeshwa. Hata mapenzi kati ya watu weupe na weusi yalikatazwa kuonyeshwa.

Waandishi na waongozaji walijibu kwa mafumbo, na anayejua taarabu anajua jinsi fumbo linavyofanya kazi: maneno yanasema hili, wanaohusika wanasikia lile. Katika Casablanca kuna usiku ambapo Ilsa anamfuata Rick chumbani kwake. Wanakumbatiana, picha inahamia kwenye taa ya mnara wa uwanja wa ndege ikizunguka gizani, kisha tunarudi, naye Rick amesimama dirishani akivuta sigara. Muda gani umepita? Nini kimetokea? Msimamizi wa kanuni hakuweza kuthibitisha lolote, na mtazamaji mzima anaachiwa kazi yake.

Kila picha inapofifia, inapohamia dirishani, kwenye moto wa jikoni au kwenye mawimbi, simamisha ujiulize kilichorukwa ni nini.

Tukio ambalo sitaki ulikose ni lile la mkahawani, maofisa wa Kijerumani wanapoimba na wateja wengine wanawafunika kwa wimbo wa taifa wa Ufaransa. Filamu ilipigwa California wakati vita vikiendelea, na wengi wa waigizaji walikuwa wakimbizi kwelikweli. Madeleine Lebeau, msichana Mfaransa anayeimba huku akilia, alikuwa ameikimbia nchi yake. Conrad Veidt, anayeigiza ofisa wa Kinazi, alikuwa ameondoka Ujerumani mwaka 1933 pamoja na mkewe Myahudi. Nimelitazama tukio hilo mara nyingi, na bado siwezi kulizungumzia kwa utulivu.

Ukimaliza, endelea na Double Indemnity ya 1944, ya Billy Wilder. Wakala wa bima na mke wa mteja wake wanapanga kumuua mume ili walipwe fidia. Dakika chache za mwanzo wakala mwenyewe anakiri kosa lake kwenye mashine ya kurekodi sauti, kwa hiyo swali si nani ameua. Swali ni jinsi gani walijinasa. Angalia mwanga unavyopenya kwenye mapazia ya vibao na kuchora mistari juu ya mtu kama nondo za jela, muda mrefu kabla hajashikwa.

Vichekesho vinakwenda haraka zaidi. Tazama It Happened One Night ya 1934, ya Frank Capra, kisha Some Like It Hot ya 1959, ambayo nayo ni ya Wilder. His Girl Friday ya 1940 iache iwe ya mwisho, kwa sababu humo watu huzungumza wakikatizana kiasi kwamba macho hayawezi kufuata maandishi mpaka sikio liwe limezoea.

## Hatua ya 6: Ingia kwenye filamu bubu

Watu huogopa filamu zisizo na maneno. Kwa msomaji wa Kiswahili naona ziko karibu kuliko zinavyodhaniwa, kwa kuwa hazidai Kiingereza isipokuwa kwenye vibao vichache vya maandishi.

Anza na Sherlock Jr. ya 1924, yenye dakika 45 tu, ambamo Buster Keaton ni kijana mwonyesha filamu anayesinzia kazini na katika ndoto akaingia ndani ya skrini. Fuatisha Steamboat Bill, Jr. ya 1928. Ukuta mzima wa nyumba unamwangukia Keaton, naye ananusurika kwa sababu amesimama mahali hasa ambapo dirisha lililo wazi linapita. Ukuta ulikuwa wa kweli na hakuna ujanja wa picha.

Kisha Modern Times ya Charles Chaplin, ya 1936, dakika 87. Mwishoni Chaplin anaimba kwa sauti yake mwenyewe wimbo ambao maneno yake si ya lugha yoyote duniani, na bado kisa chake kinaeleweka kwa watu wote.

Onyo: filamu bubu nyingi zilipigwa kwa kasi tofauti na fremu 24 za leo, na nakala mbaya huzichezesha mbio mno, watu wakitembea kama wadudu. Hivyo sivyo zilivyokusudiwa. Tafuta nakala ambayo mtu anayetembea taratibu anaonekana kutembea taratibu.

## Hatua ya 7: Sasa Citizen Kane

Filamu hii aliiongoza Orson Welles akiwa na umri wa miaka 25, naye ndiye mwigizaji mkuu. Tajiri mwenye magazeti anafariki akitamka neno moja, na mwandishi wa habari anatumwa kulitafutia maana. Anayewaka hamu ya kulijua neno hilo asilitafute mtandaoni.

Wengi hukwama kwenye dakika za mwanzo, ambapo tunaonyeshwa taarifa ya habari ya mtindo wa sinema za wakati ule inayosimulia maisha ya tajiri huyo kwa pupa. Usijaribu kukariri chochote. Yote yatasimuliwa upya, taratibu, na watu mbalimbali waliomjua, kila mmoja kwa upendo wake au kinyongo chake. Chora kwenye daftari safu moja kwa kila msimulizi, uandike anachomsifu nacho na anachomlaumu nacho.

Simama mahali pawili. Pa kwanza ni pale wazazi wanapotia saini karatasi za kumtoa mtoto wao, huku yeye, bila kujua, akionekana dirishani kwa mbali akicheza kwenye theluji; mpiga picha Gregg Toland amefanya walio karibu na aliye mbali waonekane wazi kwa pamoja, na wewe ndiye unayeamua umtazame nani. Pa pili ni meza ya kifungua kinywa, ambapo ndoa nzima inapoa kwa muda usiozidi dakika chache, miaka ikipita kati ya kikombe na kikombe.

Umefanikiwa ikiwa safu zako hazikubaliani, na bado unahisi umemfahamu mtu mmoja.

## Hatua ya 8: Fahamu mapema kitakachokuumiza

Hili lifanywe kabla ya kuita familia kutazama pamoja. Gone with the Wind ya 1939, yenye karibu saa nne, inapamba maisha ya mashamba ya watumwa. Hattie McDaniel alipata tuzo ya Oscar kwa uigizaji wake humo, Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kuipata, na usiku wa kukabidhiwa alikaa kwenye meza iliyotengwa na za wenzake. Swing Time ya 1936 ina dansi ambayo Fred Astaire anaicheza akiwa amejipaka uso rangi nyeusi. Katika Breakfast at Tiffany's ya 1961, Mickey Rooney anamfanyia dhihaka Mjapani.

Sisemi zisitazamwe. Ninasema mtoto asikutane nazo ghafla bila mtu mzima aliyejiandaa kumweleza.

## Hatua ya 9: Zilizopigwa kwetu

Nimeziweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu anayeanza nazo huishia kutazama mandhari tu. The African Queen ya 1951, ya John Huston, ilipigwa Uganda na Congo, na baadaye katika studio za London. Kisa chake kinatokea Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1914. Meli ya kivita inayowindwa ndani yake inatukumbusha meli za Wajerumani za Ziwa Tanganyika, mojawapo ikiwa Graf von Götzen, ambayo watu wa Kigoma wanaijua kwa jina la MV Liemba. Mogambo ya 1953, ya John Ford, ilipigwa Kenya, Uganda na Tanganyika, na humo utakutana tena na Grace Kelly. Hatari! ya 1962, ya Howard Hawks, ina jina la Kiswahili kwenye bango lake, na ilipigwa Tanganyika katika maeneo ya Arusha. John Wayne na wenzake walipanda magari wenyewe kuwafukuza wanyama.

Tazama kwa macho mawili. La kwanza lifuate kazi ya Huston, Ford na Hawks, kwa kuwa sasa unajua kamera inavyosimulia. La pili lihesabu, kwenye daftari lile lile, ni Waafrika wangapi wanaopewa jina, wangapi wanaosema sentensi kamili, na wangapi wanapita tu nyuma wakiwa wamebeba mizigo. Ukiwa na mzee anayeikumbuka Arusha ya miaka ile, itazame Hatari! pamoja naye, uweke rimoti karibu, na usimamishe picha kila anapotaka kukuonyesha mahali.